Wiki nane za darasa la hadithi fupi hapa Moshi: uzoefu wangu

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Majengo, na mwaka huu narudia mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mara ya kwanza fasihi ndiyo iliyoniangusha. Fani na maudhui, yaani jinsi hadithi ilivyojengwa na kile inachosema, nilikuwa nimekariri neno kwa neno, lakini nikipewa hadithi nisiyoijua nabaki kuitazama karatasi. Niliposikia kuna mwalimu mstaafu anafundisha kusoma hadithi fupi kila Jumamosi mchana, nikajiandikisha. Shilingi 30,000 kwa wiki nane, kopi zikiwemo.

Wiki tatu za mwanzo tulisoma hadithi moja tu, "La Parure" ya Mfaransa Guy de Maupassant, ya mwaka 1884. Mwalimu ameitafsiri mwenyewe. Nilinung'unika: kurasa chache vile, wiki tatu? Lakini hapo hapo ndipo nilipoiona thamani ya ada yangu.

Kwa ambaye hajaisoma: Mathilde Loisel, mke wa karani wa wizara jijini Paris, anaalikwa kwenye dhifa. Anaazima mkufu wa almasi kwa rafiki yake, unapotea. Wananunua mwingine kwa faranga 36,000. Nusu ni urithi wa mumewe, nusu mikopo, na deni linawachukua miaka kumi. Mwisho sitausema. Hata sisi mwalimu alitunyima ukurasa wa mwisho mpaka wiki ya tatu.

Alitusimamisha pale dhifa inapoisha. Mume anamtupia Mathilde mabegani nguo zao za kila siku za kujikinga na baridi, wakati wanawake wengine wanajifunika manyoya ya bei. Mathilde anaona aibu, anashuka ngazi haraka, hasubiri hata mumewe aite gari la farasi. Mwalimu akauliza, "Mkufu umepoteaje?" Tukajibu bahati mbaya. Akasema turudi kwenye zile nguo.

Hapo nikaona. Baridi ya usiku na yale manyoya ni mandhari. Aibu ni tabia ya mhusika. Kukimbia, halafu kupoteza, ni msuko, yaani mfuatano wa matukio. Nilizoea kuyaandika kama vipengele vitatu visivyojuana, kumbe hili linalisukuma lile. Na mimi watu wa namna hiyo nawaona kila wiki: mama anakuja kujaribu gauni la sendofu akiwa na cheni ya dadake, kila dakika mkono uko shingoni kuhakikisha bado ipo.

Kwenye dhamira, yaani wazo kuu la hadithi, tulibishana sana. Mimi nilisema tamaa. Mama mmoja anayeuza mitumba Kiborloni akakataa: tamaa ipo, ila kilichowamaliza ni ile barua. Mume anamshauri Mathilde amwandikie rafiki yake kwamba kishikizo kimevunjika, kinatengenezwa. Wangesema kweli siku ile, hiyo miaka kumi ingetoka wapi? Nikanyamaza. Mwaka juzi niliunguza lesi ya mteja kwa pasi, nikanunua nyingine ya kufanana, nikakaa kimya, na miezi mitatu nikawa nafidia hela ile. Mwalimu alipokea majibu yote mawili kwa sharti moja: kila dhamira uionyeshe kwa kidole, mstari gani, tukio gani.

Kasoro zipo. Kopi zimefifia, nyingine mstari wa chini hausomeki. Chumba kimepakana na mafundi wa kuchomelea, kwa hiyo kusoma kwa sauti ni kupokezana na mashine. Insha zinachelewa kusahihishwa; yangu ya kwanza ilirudi wiki ya sita, na kwa mtu mwenye mtihani mbele yake hilo linaumiza. Anayetafuta maswali ya miaka iliyopita yenye majibu yake, hapa hatayapata.

Hata hivyo, jaribio la wiki ya nane lilikuwa la hadithi ambayo hakuna aliyewahi kuiona, nami nikapata 68. La siku ya kwanza nilikuwa na 31.

Nimeshalipia awamu ya pili. Tunaanza na Anton Chekhov, hadithi ya tajiri wa benki na mwanasheria kijana waliowekeana dau la milioni mbili. Tumepewa kurasa mbili tu za mwanzo. Ni usiku wa giza, mzee anatembea huku na huko chumbani mwake. Hilo giza nimeshalipigia mstari.