Hodhi la zamani bafuni: ununue lipi, au usinunue?

Nyumba nyingi za enzi ya Mwingereza, Oysterbay na Upanga pale Dar, Raskazone kule Tanga, bado zina hodhi la kuogea la chuma cha kusubu: zito, jeupe kwa enameli, ule mpako mgumu kama kioo, na doa la kutu pale bomba linapodondosha tone moja moja miaka yote. Mwenye nyumba akilichoka hukimbilia dukani kabla hajashika tepu. Mahodhi ya zamani yalipimwa kwa futi na inchi. La futi 5 na inchi 6 ni sentimita 167.6, mengi ya siku hizi ni 170. Hizo sentimita mbili na ushei ndizo zitakazomfanya fundi achimbe ukuta, na plasta kuukuu ukiigusa hapa inabomoka hadi kule. Pima ukuta kwa ukuta mahali patatu, kisha upana wa mlango, kisha uangalie tundu la maji machafu liko upande gani.

Baada ya hapo, mimi ningepanga hivi.

Kwanza: weka shawa, hodhi uachane nalo. Najua sicho ulichokuja kutafuta. Lakini hodhi likijaa vizuri linameza lita 150 hivi, kwa hiyo simtanki la lita 1,000 halifikishi watu saba. Shawa ya lita 8 kwa dakika, ukioga dakika tano, ni lita 40. Na kama nyumbani kuna bibi au babu, kuvuka ukingo ule na miguu imelowa ni kutafuta nyonga kuvunjika. Pesa yako itakwenda sakafuni: mteremko wa kupeleka maji kwenye tundu, na dawa ya kuzuia maji chini ya tailizi. Ukibana matumizi hapo na uko ghorofani, jirani wa chini atakugongea mlango.

Pili: hodhi la akriliki, yaani plastiki ngumu, kwa wenye watoto wadogo au wasioweza kuishi bila kujilaza majini. Lina kilo 20 hadi 30 tu, watu wawili wanalipandisha ngazi, na maji hayapoi haraka kama kwenye bati. Dukani usitazame mng'ao. Omba ligeuzwe: chini kuwe na tabaka nene la faibaglasi, ubao uliofunikwa kote, na miguu ya chuma. Likikaa sawa, kandamiza kitako chake kwa kiganja. Likibonyea na kulia, mwachie mwenyewe. Siku ya kulifunga, lijazwe maji kwanza ndipo silikoni ipakwe pembeni. Likipakwa tupu, siku ya kwanza ukiingia na maji yako litashuka kidogo na silikoni itaachia ukuta.

Tatu: kulipaka upya lile la zamani. Kama chuma ni kizima, ni njia rahisi ya mfukoni, ila kazi yote iko kwenye maandalizi: kutoa mafuta ya sabuni, kupiga msasa, kukausha kabisa, ndipo ije rangi ya epoksi ya kuchanganya. Langu lilibambuka kabla ya mwaka, kwa sababu fundi alipaka huku bomba likidondosha, na mimi nilikuwepo namtazama.

Nne: bati lenye enameli. Utalijua kwa sumaku, inang'ang'ania. Ni gumu kukwaruzika, lakini kitu kizito kikidondoka enameli inamomonyoka na kutu inaingia. La faibaglasi tupu, jembamba, linalouzwa kwa bei ya kutupa, silipangii hata namba.

Kulitoa la zamani ni shughuli nyingine. Linapita kilo 100, kwa hiyo wengi hulivunja humo humo kwa nyundo kubwa. Lifunikwe blanketi na fundi avae miwani, maana vipande vya enameli vinaruka na kukata kama chupa. Ukuta ukiwa wazi, badilisha na yale mabomba ya chuma yaliyoziba kutu ndani. Hutapata nafasi nyingine bila kuvunja tailizi mpya. Na vile vipande usimwachie fundi kwa bahati mbaya. Wanunuzi wa chuma chakavu wanapima kwa kilo.