Betri ya pili kwenye gari ya kambi: ipi ununue na ipi uiache dukani

Kila kiangazi kikikaribia napigiwa simu na watu wenye Land Cruiser za hema la juu, swali ni lile lile, kaka nimeshaweka friji nyuma, ninunue betri gani ya pili? Wengi wanataka niwatajie jina tu waende dukani. Mi nawauliza kwanza, hiyo betri itajazwa na nini na kwa masaa mangapi kwa siku? Maana nimetupa betri nyingi kwenye hii kazi ya kuendesha gari za kambi na karibu zote hazikufa kwa kutumika sana, zilikufa kwa kutojaa.

Ntawapa kisa kimoja. Nilikuwa Ndutu na wageni wawili, gari ina N70 mbili, zile betri za kawaida za kuwashia gari, zimeungwa moja kwa moja, chanya kwa chanya hasi kwa hasi, hakuna kitu katikati, na fundi aliyefunga aliniambia ndo vizuri zitasaidiana. Friji ikazila zote mbili usiku kucha. Saa kumi na mbili asubuhi nageuza ufunguo nasikia tik tik tik chini ya boneti basi, stata haizunguki, mgeni ameshavaa kamera shingoni ananiangalia, mtandao wa simu hakuna. Tulikaa pale mpaka saa tatu alipopita dereva mwenzangu mwenye waya za kubustia. Asubuhi ndo muda wa simba, na ile asubuhi sikuweza kuwarudishia wale watu.

Kwahiyo kabla ya betri piga hesabu ya matumizi. Friji ya kompresa ya lita 40 ikiwa inavuma inavuta kama ampea 4, na ikivuma nusu ya muda hiyo ni 48Ah kwa siku, Ah ni ampea mara masaa. Weka taa za LED, simu za watu wanne na laptop, unafika 60Ah hivi. Hiyo ni hali ya hewa ya kawaida, ukishuka Natron kwenye joto lile friji inavuma karibu muda wote na hesabu inapanda sana, ukilala juu kwenye ukingo wa Ngorongoro inashuka kwasababu kule usiku ni baridi ya kukupa meno kugongana. Mi napanga kwa 60 na ndo namba nitakayotumia hapa chini.

Sasa orodha yangu, kuanzia ya juu.

Nafasi ya kwanza naipa lithiamu, ile ya aina ya LiFePO4, 100Ah moja. Watu wanaisifia kwa wepesi na ni kweli, 100Ah yake ina kilo 12 hivi wakati AGM, ile betri ya risasi iliyofungwa ambayo asidi yake imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo, ya ukubwa huo huo inagonga kilo 30, lakini sababu yangu kubwa sio hiyo. Betri yoyote ya risasi ikiachwa nusu nusu siku baada ya siku inashika chumvi ngumu kwenye pleti na ule ujazo haurudi tena, alafu asilimia 20 za mwisho inazipokea polepole sana, masaa na masaa, hata uwe na altaneta, ile jenereta ya injini inayochaji betri, kubwa kiasi gani. Na fikiria gari ya safari inavyoishi, unatoka asubuhi, unaendesha dakika kumi, unasimama kwa chui nusu saa injini imezimwa, unaendesha tena kidogo, unazima kwa tembo. Mtu anasema nimetembea masaa sita, kumbe altaneta imefanya kazi masaa mawili na nusu. Lithiamu hiyo haiisumbui. Inapokea chaji kwa kasi ile ile karibu mpaka mwisho na ikibaki asilimia 60 wiki nzima haiumwi. Unatumia 80 mpaka 90 kati ya zile 100, kwahiyo siku moja nzima ya 60 unaimaliza na akiba inabaki.

Lakini ina masharti yake na usipoyafuata bora usinunue. Usiiunge moja kwa moja na altaneta. Lithiamu inavuta umeme mwingi sana ikiwa tupu, na altaneta ya gari ikiwa sailensa, yaani injini inaunguruma tu taratibu na feni inazunguka polepole, inapata moto mpaka inaungua. Lazima katikati ukae ule mtambo wa kuchajia wa DC kwenda DC, wa ampea 20 au 30, unaoisoma betri na kuilisha kwa kipimo. Pili usiiweke chini ya boneti, joto la injini litaiua, iweke nyuma ndani ya gari. Tatu ikiwa imeganda chini ya nyuzi 0 isichajiwe, huku kwetu hiyo ni habari ya sehemu chache za juu sana ila kama unapanga kulala Kitulo mwezi wa saba ujue. Na dukani uliza BMS yake, yaani ile saketi ya ndani inayoilinda betri, inabeba ampea ngapi, kama unataka kuendesha inveta (kifaa cha kugeuza volti 12 kuwa umeme wa nyumbani) ya wati 1000 hiyo inavuta karibu ampea 90 kwenye volti 12, BMS ya 50 itazima kila ukiwasha birika.

Nafasi ya pili ni AGM, na kwa mtu anayetoka mara tatu nne kwa mwaka mi namwambia achukue hii, pesa inayobaki anunue paneli ya sola. Haimwagi, haitoi harufu ikichajiwa sawasawa, inastahimili kutetemeshwa, na inakubali chaji ya altaneta ya volti 14.4 bila shida. Ubaya wake ni kwamba unatakiwa utumie nusu tu, 100Ah inakupa 50, kwahiyo kwa matumizi yetu ya 60 moja haitoshi, unahitaji mbili na hizo ni kilo 60 nyuma ya gari. Ndo maana mtu akilinganisha bei namwambia asiangalie bei ya betri, agawanye bei kwa zile Ah atakazotumia kweli, 50 kwa AGM na 80 kwa lithiamu, alafu ndo aseme ipi ghali.

Ya tatu, betri za maji za kutumika kwa kina, zile zenye pleti nene. Zinafanya kazi, ni rahisi kuzitunza kwa mtu anayejua, na Land Cruiser 70 nyingi zina nafasi ya betri ya pili chini ya boneti. Hapo zikae. Usiweke betri ya maji ndani ya gari mnakolala au mnakokaa, ikichajiwa inatoa gesi ya haidrojeni na hiyo inalipuka kwa cheche, na gari ikilala upande kwenye korongo asidi inamwagika.

Ya nne jeli, na hapa najua watu watanibishia kwasababu maduka ya sola yamejaa jeli na nyumbani zinafanya vizuri. Nyumbani sawa, zinakaa sehemu moja, zinajazwa polepole na jua. Kwenye gari jeli haipendi volti za juu, ikipigwa 14.6 kwa muda ile jeli ndani inapata mapovu na nyufa ambazo hazizibiki, na inataka chaji ya taratibu ambayo ratiba ya safari haina. Kama unayo tayari itumie na sola peke yake.

Ya mwisho kabisa N70 au N100 ya kawaida. Hii imetengenezwa kupiga stata, pleti zake ni nyembamba ili itoe umeme mwingi kwa sekunde chache alafu ijazwe tena hapo hapo. Ukiilaza na friji mpaka iishe, mara chache tu inakuwa imekwisha. Iache ifanye kazi yake ya kuwasha gari.

Ukiwa dukani fanya vitu viwili, usione aibu. Nyanyua betri. AGM ya 100Ah inayonyanyuka kama ndoo ya maji nusu sio 100Ah, risasi haidanganyi kwa uzito. Alafu omba mita upime, betri ya risasi iliyojaa na kupumzika inasoma 12.7 mpaka 12.8, ukikuta chini ya 12.4 imekaa sana stoo bila kuchajiwa na imeshaanza kushika chumvi, mwambie muuzaji akupe nyingine.

Sasa kitu cha kukaa katikati ya betri mbili, na hapa ndo pesa yako ya kwanza iende hata kabla ya betri yenyewe. Bora kuliko vyote ni huo mtambo wa DC kwenda DC, na kwa gari mpya ambazo altaneta yake inajipunguza yenyewe kuokoa mafuta hakuna njia nyingine. Kwa gari ya zamani yenye injini kama 1HZ, ile dizeli ya Land Cruiser, na betri ya pili ya AGM, rilei inayosoma volti inatosha na ni nafuu, inaziunganisha betri mbili kwenye 13.3 hivi injini ikiwaka na inazitenganisha ikishuka 12.8, kwahiyo usiku friji inakula betri yake tu. Swichi ya mkono inafanya kazi mpaka siku utakayoisahau. Dayodi, zile zinazopitisha umeme upande mmoja tu, mi siziweki, zinakula kama volti 0.7 na hiyo volti ndo betri ilikuwa inaihitaji ijae.

Waya. Naomba mnisikilize hapa. Toka betri ya mbele mpaka nyuma kwenye friji kwenda na kurudi ni kama mita 10 za waya. Ukipitisha ampea 30 kwenye waya wa milimita 6 za mraba unapoteza karibu volti 0.9 njiani, altaneta inatoa 14.2 na betri ya nyuma inapata 13.3, haitajaa hata uendeshe mpaka Mbeya. Waya wa 16 unapoteza 0.33, wa 25 kama 0.2. Nimeona watu wamebadilisha betri tatu kwa miaka miwili na ugonjwa ulikuwa waya. Na uukwangue kwa kisu kabla ya kulipa, shaba ni nyekundu mpaka ndani, ukikwangua ukakuta weupe chini ya wekundu hiyo ni alumini imepakwa shaba, iache.

Fyuzi ziwe mbili kwenye ule waya mrefu, moja kila upande, na isizidi shubiri moja toka kwenye teminali. Fundi mmoja aliniambia fyuzi moja inatosha mzee, nikamwuliza waya ukisagika katikati ukagusa bodi, betri ya nyuma itazimwa na nani? Pande zote mbili kuna umeme, kwahiyo pande zote mbili zinahitaji fyuzi. Kwa mtambo wa ampea 30 na waya wa 16, fyuzi ya 60 inakaa vizuri.

Ukiunga betri mbili za nyuma pamoja zinunue siku moja, aina moja, ukubwa mmoja. Mpya na kuukuu zikilala pamoja ile kuukuu inaishusha mpya. Na usichukue chanya na hasi zote kwenye betri moja, chukua chanya ya betri ya kwanza na hasi ya betri ya mwisho, hivyo zinafanya kazi sawa, vinginevyo ile ya karibu inachoka mapema na hujui kwanini.

Wenye malori na gari za volti 24 waliozigeuza kuwa nyumba, hili linawahusu sana. Usichukue volti 12 ya friji kwenye betri moja kati ya zile mbili. Ile unayoichukulia inabaki nyuma na mwenzake anazidishiwa chaji, mmoja anakufa kwa njaa na mwingine anachemka. Weka kifaa cha kushusha 24 kuja 12 kwenye zote mbili.

Matunzo ni machache ila yana siku zake. Betri za maji angalia maji kila mwezi, ongeza maji ya betri tu, sio asidi na sio maji ya kunywa ya chupa maana yana madini, na jaza baada ya kuchaji kwasababu chaji inayapandisha, isipokuwa ukikuta pleti ziko wazi, hapo weka ya kuzifunika kwanza. Ule unga mweupe na kijani kwenye teminali uoshe kwa maji ya moto yenye magadi, yanaua asidi, kausha, kaza, paka grisi juu. Na kaza nati zote kila ukitoka njia ya Loduare kwenda Naabi, ile barabara inafungua nati ambazo ulizibana mwenyewe kwa spana, na teminali iliyolegea inapata moto mpaka inayeyusha risasi.

Gari ikilala miezi ya masika, betri za risasi ziache zimejaa na uzichaji kila mwezi, lithiamu iache kwenye asilimia 50 au 60 na uchomoe kila kitu. Kama una paneli ya wati 100 juu ya paa, kwenye jua zuri inakupa kama 25 mpaka 30Ah kwa siku, iache imeunganishwa na AGM yako kupitia kontrola yake na hutahitaji kuigusa mpaka mwezi wa sita.