Ekstensheni ya kuchajia gari la umeme: ya kununua na ya kuacha dukani

Pasi ya wati 2,000 huvuta ampea 8 na ushei, lakini haivuti mfululizo. Ikishapata moto hujizima yenyewe, shati linageuzwa, waya unapoa kidogo. Gari la umeme halina mapumziko hayo. Nissan Leaf ya betri ya kilowati-saa 24 ikifika nyumbani karibu tupu itakula ampea 10 kwa zaidi ya saa kumi bila kukoma. Ya kilowati-saa 40 itavuka saa kumi na saba. Ndiyo maana ekstensheni iliyoendesha TV na friji miaka mitatu bila neno huyeyuka usiku wa kwanza inapopewa gari.

Kwa hiyo neno "13A" lililochapwa kwenye plagi lisikupumbaze. Unanunua vitu viwili: unene wa shaba iliyo ndani, na jinsi soketi inavyoibana plagi. Vingine vyote ni rangi.

Nafasi ya kwanza: kutonunua kabisa

Watengenezaji wengi wa magari haya husema usitumie ekstensheni, nasi tunakubaliana nao panapowezekana. Kama nyumba ni yako, tuseme Kiamunyi ya Nakuru au Mamboleo ya Kisumu, fedha ya ekstensheni nzuri iongezee uweke soketi pale gari linapolala. Fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, avute waya wa 2.5 mm² moja kwa moja kutoka kwenye boksi la breka, au wa 4 mm² ikiwa umbali unazidi mita 20. Upate breka yake ya ampea 20 na RCD ya miliampea 30, kifaa kinachokata stima inapovuja kabla haijamuua mtu. Soketi iwe ya tundu moja, isiwe pacha. Zipo zilizoandikwa EV mgongoni. Hizo zimepimwa kwa mzigo wa saa nyingi. Epuka soketi zinazokubali plagi ya kila nchi, kwa sababu tundu linalomkaribisha kila mtu halimshiki yeyote vizuri.

Lakini wapangaji wa ghorofa za Kondele au Section 58 hawana ruhusa ya kuchimba ukuta wa landilodi. Mwongozo huu ni wao zaidi.

Nafasi ya pili: raba nzito, 3 × 2.5 mm², tundu moja

Hii ndiyo ya kununua. Ganda ni raba nyeusi, mara nyingi limeandikwa H07RN-F na 3G2.5, yaani nyaya tatu za 2.5 mm², mmoja ukiwa wa ethi (wa kupeleka stima inayovuja ardhini) wa kijani na manjano. Haikakamai asubuhi ya baridi ya Nakuru wala haipasuki kwa jua la Kisumu kama plastiki nyeupe.

Hesabu yenyewe ni hii. Mita 20 za waya wa 2.5 mm², kwenda na kurudi, zikipitisha ampea 10 hupoteza volti 3 hivi, sawa na wati 32 za joto zilizotawanyika njia nzima. Waya wa 1.5 hupoteza wati 53. Wa 0.75, ule wa ekstensheni za bei ya chini, hupoteza zaidi ya wati 100. Kwa saa kumi hiyo ni yuniti nzima ya tokeni imegeuka joto chini ya zulia lako.

Hadiwea nyingi hazina ekstensheni ya namna hii tayari, zina waya wa kupima kwa mita. Nunua urefu unaokutosha na mita moja ya ziada, basi. Kisha tafuta plagi ya 13A ya raba ngumu na soketi ya raba ya tundu moja, na hakikisha klampu ya plagi inaweza kuubana waya wa 2.5. Plagi nyingi zimetengenezwa kwa waya usiozidi 1.5, ukilazimisha, kifuniko hakifungi na waya unaning'inia kwenye skrubu.

Wakati wa kufunga, nyuzi zote ziingie kwenye tundu la skrubu, hata moja isibaki nje. Usizipake lehemu: risasi hulegea polepole chini ya skrubu ikipata joto, na kiungo kilicholegea ndicho kinachoungua. Waya wa ethi uachwe mrefu kidogo kuliko wenzake, ili plagi ikivutwa kwa nguvu, huo uwe wa mwisho kuchomoka. Baada ya wiki ya kwanza ya kuchaji, chomoa, fungua, kaza tena. Utashangaa skrubu zilivyorudi nyuma.

Nafasi ya tatu: 3 × 1.5 mm², mita 10 au pungufu

Inafaa ukiwa makini. Kisanduku cha kuchajia, kile kilicho katikati ya waya wa gari, kama kina kitufe cha kuchagua ampea, kiweke 8. Utachaji polepole zaidi, lakini joto hupungua kuliko unavyodhani, kwa kuwa joto huenda na mraba wa ampea. Kushuka kutoka 10 hadi 8 kunapunguza joto kwa zaidi ya theluthi.

Nafasi ya nne: ya kuviringishwa kwenye gurudumu

Si mbaya ikikunjuliwa yote. Tatizo ni kwamba watu hukunjua mita tano wanazohitaji na kuacha 25 kwenye gurudumu, ambako joto halina pa kutokea. Soma kibandiko chake: mara nyingi kimeandikwa viwango viwili, kimoja cha waya uliokunjuliwa na kingine cha uliokunjwa. Cha pili huwa chini sana, wakati mwingine hakifiki nusu. Na kama waya ni wa 1.25 au chini, usiuchukue kwa gari hata ukunjuliwe.

Za kuacha kaunta

Ile nyeupe ya matundu manne yenye swichi na taa nyekundu. Ndani yake mabati membamba ya shaba hupita kutoka tundu hadi tundu, na swichi yenyewe ni kiungo kingine cha kupata moto. Iache ichaji simu. Usiunge pia ekstensheni mbili: kila kiungo chenye ukinzani wa omu 0.2 tu hutoa wati 20 kwa ampea 10, karibu sawa na chuma kidogo cha kulehemu, mahali padogo kuliko kidole gumba.

Mbaya kuliko zote ni waya wa aluminiamu uliopakwa shaba. Kwa macho ni shaba tupu. Aluminiamu ina ukinzani mara moja na nusu na zaidi, na hukatika ukikunjwa mara kwa mara.

Jinsi ya kuwakamata wauza bandia dukani

Fungua plagi kwa bisibisi, chukua uzi mmoja, ukwangue kwa wembe. Shaba ni nyekundu hadi ndani. Bandia hung'aa nyeupe.

Kipimo kingine ni mizani, hata ile ya duka la jirani la kupimia sukari. Shaba peke yake katika mita 20 za 3 × 2.5 ina uzito wa kilo 1.3 na zaidi, bila ganda. Katika mita 20 za 3 × 1.5 ni gramu 800. Roli nzima pamoja na ganda ikiwa nyepesi kuliko hapo, shaba haijatimia, haijalishi muuzaji anaapa vipi. Unene wa nje haukuambii kitu, kwa kuwa plastiki ni rahisi kuongeza.

Angalia pia alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kisha tuma SM# ikifuatwa na namba ya kibali iliyo chini ya alama kwenda 20023 uone kama jina la bidhaa linalingana.

Waya wa Kijapani, na ujanja wa ethi

Magari mengi yaliyotumika hutoka Japani na kisanduku cha volti 200, ampea 15, chenye plagi ya huko. Fundi hukata plagi hiyo akaweka ya 13A, na gari linachaji. Fyuzi haikatiki, kwani fyuzi ya 13A yaweza kubeba hata ampea 20 kwa muda mrefu. Kinachoiva ni plagi na soketi. Kisanduku cha aina hiyo kinataka plagi ya bluu ya viwandani ya 16A pande zote mbili, na waya wa 2.5. Kama kimeandikwa 100V pekee, usikichomeke kabisa.

Kisanduku kikikataa na kuwasha taa ya hitilafu ya ethi, kinakuambia nyumba haina ethi au imekatika. Wapo watakaokushauri uunge niutro (waya wa kurudisha stima) na ethi ndani ya plagi ili kitulie. Siku niutro ikikatika kwenye nguzo, bodi yote ya gari inakuwa na stima, na mtoto anayegusa mlango akiwa miguu mitupu ndiye njia ya kwenda ardhini. Fukia nondo ya ethi, au hamisha gari.

Usiku wa kwanza

Usichaji ukalala. Baada ya nusu saa, na tena baada ya saa moja, shika plagi ya ukutani, kisha kiungo cha pili. Vuguvugu ni sawa. Kama huwezi kuishika kwa sekunde tano, zima. Kasoro huwa ni soketi ya ukutani iliyolegea kwa miaka ya kuchomeka birika. Rangi ya kahawia kuzunguka tundu au harufu kama ya samaki ni dalili zile zile.

Waya usipite chini ya geti la kusukuma, wala usibanwe na dirisha. Kiungo kikae juu ya tofali, ndani ya boksi la IP44 (linalozuia maji yanayorukia) au zaidi. Usikifunge kwa karatasi ya nailoni: jasho hujikusanya ndani na joto halitoki. Na radi za alasiri zikianza kunguruma upande wa ziwa, chomoa ukutani kwanza, kabla ya mvua kufika.

Mwenye pikipiki ya umeme hana haja ya haya yote. Chaja ya wati 900 huvuta ampea 4 tu, na waya wa 1.5 wa shaba halisi unamtosha.