Wakili wa rufaa pale Moshi mjini: nyota nne, ya tano nimeizuia

Jina la ofisi silitaji, rufaa ya mdogo wangu bado haijasikilizwa. Nasimulia huduma tu.

Mdogo wangu ni dereva wa bodaboda. Mahakama ya Wilaya ilimtia hatiani kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, na kosa hilo hakimu hana pa kupunguzia: miaka 30 ndiyo ya chini kabisa. Nilitoka pale sijui hata nimevaaje viatu.

Kwanza niliingia kwenye kiduka cha kuchapa nyaraka, jamaa anaandika sababu za rufaa kwa elfu thelathini. Alimaliza kabla sijamaliza soda. Sababu tisa, Kiingereza kizito. Binti yangu wa kidato cha nne akanisomea usiku, alipofika ya sita akaanza kucheka: eti ng'ombe watatu hawakuletwa mahakamani kama kielelezo. Ng'ombe! Kesi ya pikipiki na simu.

Ndipo nikapanda ngazi za huyu wakili. Benchi moja, feni haizunguki. Ni mama mtu mzima, na hakuanza na pesa. Aliuliza, "Notisi mlitoa?" Bahati nzuri askari magereza kule Karanga walishamsaidia kujaza ile ya kusudio la kukata rufaa, kwa sababu siku ni 10 tu tangu adhabu itolewe. Mimi nilikuwa nalia kwamba tumeshachelewa na hati ya rufaa yenyewe. Akanieleza kwamba hiyo ina siku 45, na muda wa kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi (yale maandishi ya yote yaliyosemwa mahakamani) hauhesabiwi. "Mama, tulia, niletee mwenendo."

Nilipouleta aliusoma mbele yangu zaidi ya saa nzima, peni nyekundu mkononi. Akasimama kwa shahidi wa kwanza, aliyesema alimtambua mdogo wangu kwa mwanga wa taa. "Taa gani? Ya barazani au ya pikipiki? Walikuwa umbali gani? Alimwona kwa muda gani?" Kurasa zote, hakuna aliyeuliza. Akanitajia kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ilikosema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu sana, usitegemewe mpaka uwezekano wa kufananisha uwe umeondolewa wote. Hapo sikuhitaji shule. Nauza ndizi Mbuyuni, na giza likishaingia kila siku kuna mteja ananidai chenji aliyoiacha kwa mwenzangu.

Bei laki nane, nimelipa kwa awamu tatu, kila awamu na risiti yake. Sababu za rufaa zilitoka nne tu, na zote ni za kesi yetu. Nilimsimulia mdogo wangu siku ya kumtembelea, akauliza, "Dada, na ng'ombe wameenda wapi?" Tangu ahukumiwe sikuwa nimemwona akicheka.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya yule kijana wa mapokezi. Ukipiga simu, wakili yupo mahakamani. Siku moja nilipiga nikiwa nimesimama mlangoni kwao, namwona wakili anakula chapati. Kwa hiyo usipige. Nenda mwenyewe, asubuhi, na mwenendo wako mkononi.