Choppa ya kushusha volti na ya kupandisha: tofauti iko kwenye mpangilio
Choppa ni sakiti inayobadilisha volti za umeme wa DC kwa kuuwasha na kuuzima haraka haraka. Vifaa vya aina zote mbili ni vilevile: swichi ya transista, koili, dayodi na kapasita. Mpangilio ndio unaobadilika.

Katika choppa ya kushusha, swichi hukaa kati ya chanzo na koili. Ikiwashwa nusu ya muda, 24 V huwa 12 V. Ikizimwa, koili huendelea kusukuma mkondo kupitia dayodi.

Ya kupandisha ndiyo inayonivutia zaidi. Hapa koili imetangulia, na swichi ikiwashwa huiunganisha na upande hasi, hivyo koili inajaa nishati huku mzigo (kifaa kinachotumia umeme) ukilishwa na kapasita peke yake. Swichi ikizimwa, koili hukataa mkondo wake kukatika ghafla. Volti zake hujumlishwa na za chanzo na kupita kwenye dayodi. Chanzo cha 12 V hutoa 24 V swichi ikiwaka nusu ya muda, na 48 V ikiwaka robo tatu. Hiyo ni nadharia. Ukizidisha sana muda wa swichi kuwaka, upotevu kwenye koili huzirudisha volti chini.

Chunga hili: kukitokea shoti upande wa kutokea, kuzima swichi ya choppa ya kushusha hukata umeme. Kwenye ya kupandisha haisaidii, kwani njia ya koili na dayodi bado inapitisha mkondo. Weka fyuzi.