Dawa ya kupaka ya fangasi: uanze na ipi dukani

Ukiomba tu "dawa ya fangasi" dukani, usishangae kupewa ile tyubu ya tatu kwa moja: inaua fangasi, inaua bakteria, inatuliza muwasho. Kwenye orodha yangu hiyo inashika mkia. Nazungumzia choa cha mwilini na fangasi wa kinenani au katikati ya vidole vya miguu.

Ya kwanza ni terbinafini ya asilimia 1. Fangasi wa aina hii inamuua, haimdumazi tu, ndiyo maana unapaka mara moja kwa siku, wiki moja hadi mbili, basi.

Inafuata klotrimazoli ya asilimia 1. Ni rahisi kuipata, na inatibu hata kandida, yaani fangasi wa jamii ya hamira. Ila inataka subira: mara mbili kwa siku, wiki mbili hadi nne, hata ngozi ikishaonekana safi. Paka hadi sentimita 2 nje ya duara. Ule ukingo wenye magamba ndiko fangasi anakosonga mbele. Katikati mara nyingi pameshaanza kupona.

Mafuta ya Whitfield ni ya zamani, yanafanya kazi kwa kuchubua ngozi. Nyayoni sawa. Kinenani au usoni usithubutu, yanaunguza.

Sasa ile ya tatu kwa moja. Geuza tyubu usome: ukiona betamethasoni au klobetasoli, hiyo ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, haiui fangasi. Muwasho unakata haraka, wekundu unafifia, unajiona umepona, kumbe kinga ya ngozi imelazwa na fangasi anatambaa chini kwa chini. Ukiacha kupaka, anaibuka amesambaa, duara limepoteza umbo, hata daktari anapata kazi kumtambua. Kinenani ngozi inaweza kuchanika michirizi isiyofutika.

Nistatini ni ya kandida. Kwa choa unatupa hela.

Mapunye ya kichwani usiyanunulie krimu, kwa sababu fangasi ameingia ndani ya nywele. Mpeleke mtoto kituo cha afya apewe dawa ya kumeza kwa uzito wake, griseofulvini au terbinafini, kwa wiki kadhaa. Griseofulvini inywewe na chakula chenye mafuta. Ukipewa vidonge vya ketokonazoli, vikatae: mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipendekeza visimamishwe kwa sababu vinaumiza ini.