Uzoefu wangu wa kupimwa maumivu baada ya upasuaji wa ngiri

Nililazwa katika hospitali binafsi jijini Dar es Salaam kwa upasuaji wa ngiri ya kinena, na huduma ninayotaka kuizungumzia ni moja tu: namna wauguzi walivyopima maumivu yangu. Kila muuguzi wa mchana alipokuja kupima presha na joto la mwili, aliniuliza pia namba, kuanzia 0, yaani sisikii maumivu yoyote, hadi 10, maumivu makali kupita yote ninayoweza kuyafikiria, kisha akaiandika kwenye chati.

Ukiulizwa ukiwa umetulia, namba hiyo hudanganya. Nilipolala chali bila kujitikisa nilitaja 2, lakini nilipoambiwa niweke mkono juu ya kidonda nikohoe, ilipanda hadi 7, nayo ndiyo yenye maana, kwa kuwa mgonjwa anayeogopa kukohoa na kuvuta pumzi ndefu yuko katika hatari ya kupata nimonia, na asiyeinuka kitandani huweza kuganda damu miguuni. Mzee wa kitanda cha jirani kila alipoulizwa alijibu, "Alhamdulillah, mwanangu, sijambo," na angeandikiwa 0 kama muuguzi asingemwambia, "Babu, hebu kohoa kidogo nikuone." Alishika tumbo, akafumba macho. Akaletewa kadi ya Wong-Baker yenye nyuso sita zilizochorwa, kuanzia unaotabasamu hadi unaolia, ambayo ilibuniwa Marekani kwa ajili ya watoto lakini huwafaa hata watu wazima wasiopenda mambo ya namba, na mzee akagusa uso wa nne, ambao ni sawa na 6, kwa kuwa nyuso hizo huhesabiwa 0, 2, 4 hadi 10.

Nilichomwa sindano ya diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, na muuguzi akarudi baadaye kuniuliza tena. Alipoona namba haijashuka vya kutosha alimwita daktari, nikaongezewa dawa badala ya kuambiwa nivumilie.

Zamu ya usiku ndiyo iliyoniudhi. Asubuhi niliikuta chati imejazwa 2 mfululizo, ilhali hakuna aliyeniuliza na usingizi sikuupata. Nilimweleza muuguzi kiongozi wa wodi, ambaye, kwa haki yake, hakubisha wala kutetea wenzake. Alinipima upya papo hapo, nikiwa nimelala na nikikohoa. Anayekwenda kupasuliwa pale amwombe ndugu anayemuuguza aitazame chati hiyo kila asubuhi.